Tawi la Kirangozi Ngollo

Katika mwaka wa 1937 palikuwa na watu wawili Usinge walioweza kuwaongoza wageni mpaka kwenye ikulu za kale na ufukwe wa ziwa. Mmoja aliijua njia. Mwingine alijua kuandika barua.

Aliyeijua njia aliitwa Ngollo. Mapadri walikuwa wamembatiza Tobias akiwa mtu mzima, lakini jina hilo alilivaa Jumapili tu, pamoja na kanzu. Kabla ya reli kupita katika nchi ya Wanyamwezi, Ngollo alikuwa kirangozi wa misafara iliyotoka Ujiji, ikapita Tabora, ikashuka mpaka pwani. Vijana wanaolisikia neno hilo sasa hudhani kirangozi alikuwa mtu wa kuonyesha njia tu, kama karani anavyoonyesha dirisha la tiketi. Kirangozi alikuwa kichwa cha msafara. Watu mia tatu na mizigo yao walimfuata, naye alitangulia na joho jekundu begani, manyoya ya mbuni kichwani, na pembe ya ndovu iliyofungwa kengele, ikilia kila alipokanyaga. Akisimama, wote walisimama. Akitua, wote walitua. Na hapakuwa na mtu, awe mpagazi, awe askari, awe tajiri mwenyewe mwenye mali, aliyeruhusiwa kumpita mbele. Aliyempita alitozwa mshale. Asiye na mshale alitoa kuku au kipande cha nguo, na jioni aliimbwa na kambi nzima. Ngollo alikwenda pwani na kurudi mara kumi na moja, na katika safari zote hizo hakupata kuuona mgongo wa mtu mbele yake.

Kisha reli ikafika, mizigo ikapanda mabehewa, na kirangozi akashika jembe kama watu wengine.

Alilima mihogo na karanga karibu na stesheni ya Usinge kwa miaka mingi bila mtu kumwuliza lolote. Halafu wageni wakaanza kushuka kwenye gari la moshi, leo wawili, mwezi ujao watatu, wakitaka kuziona ikulu mbili za watemi, ya Kasandu na ya mwanawe, na ziwa lililo nyuma yake. Bwana stesheni aliwaelekeza kwa Ngollo. Ilikuwa kazi ndogo, kwenda asubuhi na kurudi jioni, labda mara tano kwa mwaka. Lakini siku hizo tano alitembea mbele na watu wakaja nyuma, na kwa ajili ya siku hizo tano aliweza kuzivumilia zile nyingine.

Aliyejua kuandika barua alikuwa Mwalimu Anselm wa shule ya misheni, kijana ambaye ndevu zilikuwa bado zinajadiliana kama ziote au zisubiri. Alivaa kaptura iliyopigwa pasi mpaka ikasimama yenyewe, soksi ndefu, na filimbi shingoni kwa mnyororo. Mwaka ule Ratilal, mwenye duka la nguo mjini Tabora, alitaka kuwaleta watu wa nyumbani kwake wajionee ikulu na ziwa. Aliandika barua stesheni. Barua ikafika kwa mtu anayejua kujibu barua, na Mwalimu Anselm akajibu kwa karatasi ya mistari, akapanga kila jambo kwa saa: saa mbili kuondoka, saa nne ikulu ya kwanza, saa tano ya pili, saa sita ziwani. Aliandika hata saa ya kunywa maziwa.

Ngollo alizipata habari hizo kwa mkewe, Pelagia, siku moja kabla ya safari.

"Mwalimu ameniomba nipeleke maziwa ziwani," alisema Pelagia. "Wahindi hawa hawali nyama, na bibi yao mzee hunywa maziwa saa sita. Nitayachemsha hapa, yapoe, kisha niwafuate nayo."

"Na mimi?"

"Wewe vipi, Baba Flavia?"

"Mimi ameniomba nini?"

Pelagia aliendelea kuosha kibuyu. "Hakukutaja."

"Amekumbuka maziwa, mimi akanisahau."

"Labda amekuonea huruma. Ni mbali."

"Huruma! Huyu Ratilal, baba yake nilimtoa pwani mimi. Na huyo bibi anayetaka maziwa alikuwa bibi arusi siku hizo, amebebwa kwenye machela nyuma yangu, siku tisini. Leo mtoto aliyezaliwa reli ikiwa imekwisha kuota kutu ndiye awapeleke?"

"Kijana ana adabu," alisema Pelagia. "Juzi alinikuta njiani, akanipokea kuni."

"Mimi sijakupokea kuni?"

"Sikumbuki." Akacheka, kicheko kidogo tu, bila ubaya. Lakini Ngollo alikisikia kile kicheko akakipima, akaona ni kirefu kuliko vile alivyokuwa akichekewa yeye, na kwamba ndani yake mlikuwa na Anselm.

Pelagia hakuwa mwanamke wa kukaa jikoni tu. Katika ujana wake alisafiri na msafara mara tatu, mkeka na masufuria kichwani, nyuma ya kengele ya mumewe. Alizijua alama zote za barabara ile: moshi wa namna gani ni wa kambi na upi ni wa hatari, jiwe juu ya jiwe maana yake nini, na tawi lililolazwa katika njia panda. Hilo la tawi lilikuwa sheria kubwa kuliko zote. Msafara ulikuwa mrefu. Wa nyuma aliweza kufika njia panda nusu siku baada ya kirangozi kupita. Kwa hiyo kirangozi alikata tawi bichi, akalilaza likikingama kwenye njia isiyofaa, akapiga mstari kwa kisigino. Njia hiyo imefungwa. Hakuna aliyeuliza kwa nini. Mbele huenda pana tembo, au kisima kimekauka, au mji wenye ndui. Aliyelaza tawi ndiye anayejua, na inatosha.

Asubuhi ya safari Ngollo aliondoka kabla ya watu wote, na panga. Mwendo wa saa moja kutoka stesheni, njia iligawanyika mbele ya kichuguu kikubwa. Ya kulia ilikwenda kwenye ikulu na ziwa. Ya kushoto ilikwenda kwenye vijiji ambavyo serikali ilikuwa imevihamisha miaka mitatu nyuma kwa ajili ya ugonjwa wa malale. Nyumba zilibaki zimesimama bila watu, visima vikabomoka, na mbung'o wakawa ndio wenye nchi.

Akakata tawi la myombo lenye majani. Akalilaza kukingama njia ya kulia, ile iliyo nzuri. Akapiga mstari kwa kisigino.

Hakutaka mtu aumie. Alitaka Anselm aone tawi, ageuke kushoto na soksi zake, azunguke na wageni katika magofu ya watu wa juzi mpaka jua liwe kali na bibi aanze kulalamika. Hapo Ngollo atokee upande wa mbele kama mtu aliyekuwa akipita tu, aseme, "Mwalimu, huku unawapeleka wapi wageni?" Kisha awatangulie. Aliirudia sentensi hiyo mara nyingi njiani, akiibadilisha hapa na pale, mpaka ikawa tamu. Katika hesabu yake yote alimweka Anselm tu. Wivu ulikuwa umeijaza nyumba nzima ya kichwa chake, na wengine hawakupata pa kukaa.

Alifika ikulu ya Kasandu, akakaa juu ya tuta ambapo aliweza kuona vumbi la upande wa kushoto. Pale palikuwa pamebaki handaki lililoota majani, vipande vya kuta za nyumba za tembe, na uzio wa minyaa uliokua mpaka ukawa miti. Ngollo aliwahi kuiona ikulu hiyo ikiwa na watu elfu. Kila safari alipopita, Mtemi Kasandu alimwita kwa jina lake mbele ya wote na kumwuliza swali lile lile: "Ngollo, bahari bado ipo?" Naye akajibu, "Ipo, Mtemi, na chumvi yake bado." Na wazee wote wakacheka, kila mwaka, kana kwamba hawajapata kulisikia. Ni nani leo anayeweza kuuliza swali moja miaka kumi na akafurahi?

Hakuona vumbi kushoto. Alisikia filimbi, na ilitoka kulia.

Anselm alitokea kwenye minyaa akitazama saa yake, mwenye furaha kwa sababu ilikuwa saa nne kamili. Nyuma yake alikuja Ratilal mwenye kofia ya jua, mkewe Taramati aliyening'iniza kamera, ndugu kadhaa, na mwisho kabisa machela iliyobebwa na vijana wawili wa stesheni, ndani yake mama yake Ratilal, Bibi Gangaben, mdogo kama mzigo wa nguo.

"Mabibi na mabwana," alisema Anselm, akafungua daftari, "hapa ndipo alipokaa Mtemi Kasandu. Handaki hili lina urefu wa futi mia sita na kumi. Nimelipima mwenyewe."

Ngollo hakujua futi. Alimjua aliyelichimba handaki hilo, na wimbo uliokuwa ukiimbwa likichimbwa. Lakini hakuna aliyemwuliza, na wageni walikuwa wakiziandika futi.

Ndipo Anselm akamwona juu ya tuta. "Shikamoo, Mzee!"

"Marahaba."

"Bahati gani hii! Mabwana, huyu ni Mzee Ngollo, alikuwa kirangozi wa misafara ya zamani. Mmoja wa wa mwisho kabisa. Mzee, shuka, tafadhali. Simama pale penye lango."

Ngollo alishuka. Moyo wake, mjinga, ulikuwa umekwisha kusimama wima. Alifika kwenye lango akageuka ili aanze kueleza, akamwona Taramati ameinua kamera.

"Asogee kidogo kushoto," alisema Taramati, "ukubwa wa lango uonekane."

Basi akasimama hapo, awe kipimo cha lango.

Ratilal alikuwa mtu mwema. Alimkaribia akasema, "Mzee, marehemu baba yangu alikuja kwa miguu kutoka pwani. Huenda ulimwona?"

"Nilimleta."

"Mama! Huyu mzee anasema ndiye kirangozi wenu!"

Gangaben alijiinua kidogo kwenye machela, akamtazama Ngollo kama mtu anavyotazama kitambaa anachodhani kimechakaa. "Kirangozi wetu alikuwa mrefu," alisema kwa Kiswahili chake cha zamani, kizuri kuliko cha mwanawe. "Kifua hivi. Si huyu."

"Watu hufupika, Bibi," alisema kijana mmoja wa machela, na wote wakacheka. Anselm peke yake hakucheka, na hilo Ngollo aliliona, akamchukia zaidi kwalo.

Walipoanza kuelekea ikulu ya pili, Ngollo alimsogelea Mwalimu. "Njiani hamkupata taabu?"

"Taabu gani, Mzee? Njia nyeupe."

"Pale panda?"

"Panda?" Anselm alifikiri. "Aa, palikuwa na tawi limeanguka. Upepo wa juzi. Tuliliruka."

Limeanguka. Kama Anselm angelipiga tawi teke, Ngollo angefurahi. Dharau nayo ni jibu. Lakini kijana hakulidharau. Hakuona kitu cha kudharau. Sheria iliyosimamisha watu mia tatu ilikuwa imelala mbele ya miguu yake, akaiona ni kuni.

Ngollo angeweza kurudi nyumbani. Hakurudi, kwa sababu mwenye wivu hawezi kuondoka; anaogopa yatasemwa mengine yeye akiwa hayupo. Akaufuata msafara huo mdogo, wa mwisho katika mstari, nyuma ya machela, akiitazama migongo. Kwenye ikulu ya mwana wa Kasandu alisikia Anselm akieleza kwamba mtemi akifa, mrithi hakukaa katika ikulu ya marehemu, alijenga mpya. Hilo lilikuwa kweli. Alitamani lingekuwa uongo.

Saa sita wakatokea ziwani. Mwezi wa sita ziwa lile ni zuri, na hata mtu mwenye uchungu lazima akiri hivyo. Maji yalikuwa ya buluu mpaka kwenye matete ya upande wa pili, mchanga mweupe ulijikunja kama mundu, na ndege mwari wengi walielea pamoja wakiinamisha vichwa kama watu wa misa. Mbali, kiboko alitoa pumzi akazama. Taramati alivua viatu akaingia majini mpaka kwenye vifundo, akapiga kelele ya furaha.

"Kunafanana na pwani?" Ratilal alimwuliza Mwalimu.

"Wanasema hata pwani hakuna mchanga kama huu," alijibu Anselm, ambaye hakupata kuvuka stesheni ya Tura upande wa mashariki, wala kuiona bahari.

Ngollo aliuma ulimi. Kinywani mwake mlikuwa na bahari kumi na moja. Alikumbuka jinsi wapagazi wa safari ya kwanza walivyokimbilia maji wakayanywa na kuyatema, na wakongwe wakavunjika mbavu kwa kucheka. Alingoja aulizwe. Wakamuuliza Anselm kama ziwa lina mamba.

Ikafika saa sita na nusu. Ikafika saa saba. Vyombo vya wageni vilikuwa vimefunguliwa, watu wamekula, na Gangaben alikaa kivulini akitazama njia.

"Maziwa?" aliuliza.

Anselm alitazama saa. "Hata mimi nashangaa, Bibi. Mama Pelagia si mtu wa kuchelewa. Alisema ataondoka saa tatu na nusu."

"Labda amefuata ile njia nyingine," alisema Gangaben.

"Kwa nini aifuate ile, Bibi? Haina watu."

"Kwa sababu hii ilikuwa imefungwa." Akawaonyesha kidole vijana wa machela. "Niliwaambia hawa. Nilisema, njia imefungwa, tawi limelazwa. Wakacheka, wakasema bibi anaota. Nilipokuja na marehemu, kirangozi alikuwa akilaza tawi vile vile, na mstari wa kisigino. Hakuna aliyevuka. Hata marehemu mwenyewe na mali yake yote hakuvuka."

Kisha akageuza kichwa polepole, akamtazama Ngollo kuanzia miguuni, hasa kisigino.

"Ni wewe," alisema. "Sasa nimekujua."

Asubuhi nzima Ngollo alikuwa ametamani kusikia maneno hayo. Sasa aliyasikia, akaanza kuhesabu. Katika nchi yote ile, kuanzia Usinge mpaka ziwani, walikuwa wamebaki watu watatu wanaoweza kulisoma tawi. Mmoja alikuwa yeye. Wa pili alikuwa amebebwa na watu wasiosikia. Wa tatu alitembea kwa miguu yake mwenyewe, na kibuyu cha maziwa kichwani.

"Mzee, unakwenda wapi?" Anselm alimwita. "Mzee! Kama ni Mama Pelagia, ngoja, nitawafikisha wageni stesheni, nitarudi na watu. Chukua filimbi hii basi!"

Ngollo hakugeuka, wala hakuichukua. Alikuwa amekwisha kuanza kukimbia, mbio za mzee, ambazo ni kutembea kwa hofu.

Alipofika njia panda jua lilikuwa limeinama. Akasoma ardhi. Viatu vilikuwa vimeukanyaga mstari wake na kuvuka tawi bila kusita. Kando yake palikuwa na nyayo pana za miguu mitupu, anazozijua. Zilifika mpaka kwenye mstari zikasimama. Palikuwa na alama ya duara vumbini; Pelagia alikitua kibuyu, akatazama tawi, akatazama na vile viatu. Kisha nyayo ziligeuka kushoto. Hata ncha ya kidole haikuugusa mstari.

Akaifuata njia ya kushoto akiita. Kijiji cha kwanza kilikuwa kimya. Mapaa yalikuwa yameanguka ndani, mibarika imeota milangoni, na mawe ya kusagia yalikuwa bado uani kwa kuwa hakuna aliyeweza kuhama nayo. Mbung'o walimchoma shingoni. "Mama Flavia!" aliita. "Mama Flavia!" Kijiji cha pili nacho kilikuwa hivyo hivyo. Alianza kuita kwa jina la usichana wake, ambalo hakuwa amelitamka tangu mtoto wao Flavia azaliwe.

"Nipo," sauti ilisema nyuma ya ukuta. "Usipige kelele, utawaita simba."

Alikuwa amekaa juu ya jiwe la kusagia, mguu mmoja ameunyoosha, kifundo kimevimba kama embe. Alikuwa ametumbukia kwenye shimo la kisima kilichofunikwa na majani, akajivuta mpaka pale. Kibuyu kilikuwa kimeegemea ukuta.

"Wageni wako wapi?" aliuliza.

"Ziwani."

"Walipita wapi?"

"Njia ya siku zote."

Pelagia alifikiri. "Niliona viatu vimevuka tawi. Nikasema, Mwalimu hajui, amevuka, lakini Baba Flavia yuko mbele. Amewakatisha porini, amewaleta njia hii. Nikaja huku. Kila kijiji nikasema watakuwa kijiji kinachofuata." Akafukuza mbung'o. "Mbele kulikuwa na nini?"

"Wapi?"

"Kule ulikokufunga. Tembo?"

Ngollo aliweza kusema ndiyo, tembo. Neno lilikuwa tayari. Lakini hakuwa amepata kumdanganya mtu juu ya njia, mpaka asubuhi hiyo.

"Hakukuwa na kitu."

"Umelaza tawi pasipo na kitu?"

"Nilitaka yule apotee kidogo."

"Akapotea?"

"Hakupotea."

"Basi nimepotea mimi," alisema Pelagia. Hakupandisha sauti. "Wote wamevuka, nikatii mimi, nikapotea mimi."

Ngollo aliinama kuutazama mguu wake, kwa sababu uso hakuweza. Akauliza kama ana kiu.

"Nimeyanywa maziwa. Nusu. Mwalimu akiuliza, utamjibu wewe."

Alimkatia fimbo, akamsaidia kusimama, kisha akatangulia mbele kama miguu yake ilivyozoea tangu ujana. Hakupiga hatua tatu. Pelagia alimpita ubavuni akichechemea, akamkata mbele.

"Mama Flavia," alisema Ngollo.

"Nini? Unanitoza mshale? Sina mshale." Akamsukumia kibuyu kifuani. "Chukua hicho. Leo natangulia mimi."

Basi wakaenda hivyo. Njia nzima alitembea kwa mwendo wa kifundo kibovu cha mkewe, kibuyu begani, na mbele yake mgongo mmoja, wenye jasho na mavumbi, ukipanda na kushuka. Pelagia alisimama mara nyingi. Aliposimama, naye akasimama.

Kwenye njia panda walimkuta Anselm na watu watatu wa stesheni, jua likiwa limekwisha kugusa miti. Soksi zake zilikuwa zimeteremka. Alikuwa amekimbia kweli.

"Pole, Mama! Pole sana. Mzee, Mungu akubariki. Ulijuaje kwa hakika kwamba amepita huku?"

Pelagia aliegemea fimbo akamtazama mumewe.

"Niliifunga njia," alisema Ngollo.

"Uliifunga? Kwa nini?"

"Kwa tawi hili."

Anselm alilitazama tawi, akautazama mstari wenye alama za viatu vyake. Ilimchukua muda. Ngollo alingoja matusi, akayatamani hata, maana baada ya matusi watu huwa sawa. Lakini uso wa kijana ulifunguka kama wa mtoto aliyeona kitu kipya, mkono wake ukaingia mfukoni, ukatoka na daftari.

"Bibi yule alituambia ziwani, nikadhani ni uzee. Kumbe kweli! Mzee, hebu nifundishe. Tawi linalazwa vipi? Kichwa upande gani? Na alama nyingine zipo?"

Zilikuwapo nyingi. Ngollo alizifikiria zote, moja moja, akaziona zimeandikwa kwa mwandiko mzuri kwenye mistari, na Anselm akiwasomea wageni karibu na handaki, baada ya futi.

"Kesho," alisema.

"Mfundishe, Baba Flavia," alisema Pelagia.

"Nimesema kesho."

Kesho yake Anselm alikuja, akaambiwa mzee yuko shambani. Alikuja tena Jumapili. Mwisho akaacha kuja, na mwaka uliofuata ubao wenye mshale wa rangi nyeupe ukapigiliwa pale kwenye kichuguu. Watu husema mambo yetu yameuawa na reli. Si yote.

Lakini jioni ile, kabla hawajaondoka kwenye njia panda, Pelagia alimwagiza mumewe aliokote tawi, naye akaliokota, akalibeba juu ya kibuyu mpaka nyumbani. Pelagia alilivunja gotini akaliingiza chini ya chungu. Lilikuwa bichi. Halikushika moto vizuri, likajaza nyumba moshi, na wazee wawili wakala ugali wao machozi yakiwatiririka, bila mmoja kulazimika kumwuliza mwenzake analia nini.